Ziara ya siku moja ya Kidato cha Tatu, Mombasa: twende wapi na tupime nini?

MwalimuKisauni aliuliza:

Assalaam alaykum, na habari za kutwa wanajukwaa.

Nina wanafunzi 48 wa Kidato cha Tatu, Jiografia na Biolojia. Shule iko Kisauni. Tuna basi moja la viti 51, siku moja, na ruhusa ya kutoka saa moja asubuhi na kurudi saa kumi jioni. Mada ni mbili: bahari na pwani zake kwa Jiografia, ikolojia kwa Biolojia. Rasimu yangu ni hii: Fort Jesus saa mbili, Haller Park saa tano, chakula, ufuo wa Pirates saa nane, mikoko ya Mikindani saa tisa, kisha nyumbani.

Naomba mnikosoe. Pia maabara yetu haina kifaa cha kupimia mteremko wala chochote cha nyanjani, kwa hiyo nataka vifaa vya kujitengenezea. Tena nataka wanafunzi warudi na takwimu za kuchorea grafu. Picha za simu wanazo za kutosha.

---

Kipwa_na_Bamvua alijibu:

Wa alaykum salaam mwalimu. Vituo vinne ni vingi mno. Kushusha na kupandisha wanafunzi 48 ni robo saa kila mara, ongeza foleni ya Daraja la Nyali, utabaki na kama dakika arobaini kila mahali. Dakika arobaini hazitoshi hata kugawa vifaa.

Lakini kosa kubwa liko kwenye hiyo saa nane. Siku za bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kuliko siku nyingine, maji ya hapa kwetu hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi na kujaa karibu saa kumi jioni. Saa nane yako maji yamo njiani yapanda, na saa tisa mikoko ya Mikindani imesimama majini. Tarehe ya ziara ya baharini huchaguliwa na mwezi. Mwalimu mkuu hupelekewa tu atie sahihi.

Njia ya mkato ni kalenda ya Kiislamu: tarehe 1 hadi 3 na 15 hadi 17 ndizo za bamvua. Halafu hakikisha kwenye jedwali la maji la Kilindini linalotolewa na KPA, mamlaka ya bandari. Tafuta siku ambayo maji yatapwa chini ya mita 0.5. Ukiona 1.2 au 1.4, hayo ni maji mafu, usihangaike. Na jihadhari na saa zenyewe: jedwali likiandika 10:12, hiyo ni saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi. Wako wanaosoma "saa kumi" wakapeleka watoto jioni, wakakuta bahari imejaa pomoni. Tovuti nyingine huandika saa za GMT, kwa hizo ongeza tatu.

Ingieni ufuoni muda wa saa mbili kabla ya maji kupwa kabisa, myafuate yakitoka, na yakifika mwisho geukeni. Usikae kungoja dalili. Yakianza kurudi hupanda kidogo kidogo, kisha kwa kasi: ukigawa kimo chote cha kupanda mafungu 12, saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili 2, ya tatu 3. Siku ambayo tofauti ya kujaa na kupwa ni mita 3.5, saa ya tatu peke yake ni karibu sentimita 90. Na mifereji iliyo nyuma yenu, upande wa nchi kavu, hujaa kabla ya kipwa (fungu lililoibuka maji yalipotoka) mlichosimama juu yake. Hapo ndipo watu huzingirwa.

Sasa kifaa. Kupima mteremko wa ufuo hakudai chombo cha dukani. Chukua fito mbili zilizonyooka, kila moja mita 1.5 kamili. Piga alama kila sentimita 2 kutoka juu kwenda chini, sifuri iwe kwenye ncha ya juu, na kila sentimita 10 uweke mstari mwekundu. Zifunge pamoja kwa kamba isiyonyumbuka yenye urefu wa mita 2. Chini ya kila ufito pigilia kipande cha ubao cha sentimita 10 kwa 10, la sivyo utazama kwenye mchanga wa maji na vipimo vyote vitaharibika.

Kazi yenyewe ni ya watu wanne. Mmoja asimamishe ufito wa kwanza upande wa nchi kavu, kuanzia kitu kisichohama: mnazi, ngazi, kona ya ukuta. Wa pili ashuke na ufito wake kuelekea baharini hadi kamba ikazike. Msomaji akae nyuma ya ufito wa nchi kavu, ainue au ainamishe kichwa mpaka ncha ya ufito wa mbele igusane na ule mstari ambapo bahari hukutana na mbingu. Pale jicho lake linapokata ufito wa karibu, asome: ikiwa ni sentimita 12 kutoka juu, ufuo umeshuka sentimita 12 kwa mita 2, yaani asilimia 6. Wa nne aandike. Kisha ufito wa nyuma uhamie pale ulipokuwa wa mbele, na hivyo hivyo mpaka majini. Hatua 20 ni mita 40.

Mahali pengine mchanga huinuka ukielekea baharini. Hapo msomaji atazame kutoka ncha ya ufito wa karibu, asome kwenye ufito wa mbele, na aandike alama ya kujumlisha badala ya kutoa. Hili ndilo kosa linaloharibu grafu nyingi: kundi lasahau alama, na kilima kinatokea shimo.

Darasani, mlalo wachore sentimita 1 kwa mita 2, na wima sentimita 1 kwa mita 0.5. Wima itakuwa imekuzwa mara nne na ni lazima waiandike chini ya grafu.

Na wape swali moja la kujibu. Mfano: je, ufuo ulio mbele ya ukuta wa mawe na simiti una mteremko mkali kuliko ufuo ulioachwa na mimea yake? Mawimbi yakipiga ukuta hurudi na nguvu zake na kuchimba mchanga wa mbele, kwa hiyo dhana ipo, wao waijaribu. Makundi matatu mbele ya ukuta, matatu penye mimea, fito jozi sita. Fort Jesus waachie watu wa Historia, ile ngome ya 1593 inastahili siku yake.

---

MkandaaTudor alijibu:

Naunga mkono kuhusu maji, ila kwa Biolojia mikoko isiondolewe kabisa. Ipe siku yake. Na mikoko haidai bamvua kali, kwani huota juu ya usawa wa kati wa bahari. Siku yoyote ambayo asubuhi maji yatashuka hadi mita 1 inatosha.

Vuta kamba ya mita 50 kutoka ukingo wa nchi kavu kuelekea mkondo wa maji. Kila mita 10 pima mraba wa mita 5 kwa 5 kwa miti mikubwa, na ndani yake mraba wa mita 1 kwa 1 kwa miche, mashimo ya kaa na mizizi ya kupumulia. Wanafunzi wajue miti kwa mizizi kabla ya majani: mkoko una mizizi ya magongo inayotoka shinani kama miguu ya kaa, mchu umezungukwa na vijiti vyembamba vinavyochomoza matopeni mfano wa penseli, mlilana pia una vijiti lakini vinene, vipana chini na vyembamba juu, mkandaa ni mfupi na shina lake limetanuka kwa chini. Mlilana hukaa mbele kabisa karibu na maji, nyuma yake mkoko, kisha mkandaa. Mchu ni mjanja, utaukuta nyuma kwenye chumvi kali na tena mbele mahali pengine, kwa hiyo usiwaambie mapema utatokea wapi.

Unene wa shina wapime kwa utepe wa fundi cherehani: mzingo gawanya kwa 3.14. Kimo cha kupimia ni mita 1.3 kutoka chini, isipokuwa mkoko. Mkoko hupimwa sentimita 30 juu ya gongo la juu kabisa. Ukiwaacha wapime kifuani watakuwa wanapima mizizi.

Swali zuri la ikolojia liko hapo hapo kwenye vijiti. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha udongo mwingi kwenye hori la Mwache, ukafukia mizizi ya kupumulia na mikoko mingi ikafa. Basi kila mraba wapime urefu wa vijiti 10 vya mchu vilivyo juu ya tope, watafute wastani, walinganishe na idadi ya miche. Mwanafunzi akishashika rula penye kijiti cha sentimita 6, hutahitaji kumweleza tena kwa nini tope likiongezeka sentimita kumi mti hukosa hewa.

Tahadhari ya Mikindani: upande ule hupokea maji machafu ya mitaani. Viatu vya mvua, glavu, na mwenye kidonda mguuni asiingie. Champali hapana, tope litazimeza kabla ya mraba wa kwanza. Ukiweza, tafuta upande wa Mtwapa.

Kwa ufuo, kwadrati (fremu ya mraba ya kuhesabia viumbe) tengeneza kwa bomba la plastiki la nusu inchi: vipande vinne vya sentimita 50 na elbo nne. Toboa matundu bomba lizame. Funga uzi kila sentimita 10, nyuzi nne kila upande, utapata viraba 25, na kila kiraba ni asilimia 4. Ilazwe kila mita 5 kando ya kamba, hata ikiangukia mchanga mtupu. Usiruhusu kurushwa, maana mwanafunzi hurusha kule alikoona kiti cha pweza (nyota wa bahari). Mchanga mtupu nao ni takwimu.

---

MvinjeBamburi alijibu:

Mkisema vituo vipunguzwe, kufuta Haller Park siafiki. Watu huiona mahali pa twiga na viboko, hali ndiyo mfano bora wa mfuatano wa uoto ulio karibu na shule za Kisauni.

Ni machimbo ya kiwanda cha saruji kilichoanza Bamburi mwaka 1954. Palibaki jabali tupu la matumbawe na maji ya chumvi chini yake. René Haller alianza kupanda mwaka 1971. Kati ya aina 26 za miti zilizojaribiwa, tatu ndizo zilizostahimili: mvinje, damas na mnazi. Mvinje una vinundu mizizini vinavyokamata naitrojeni ya hewani, kwa hiyo hauhitaji udongo mzuri ili uanze. Tatizo likaja kwamba majani yake magumu yalirundikana chini bila kuoza. Wakaletwa majongoo wakubwa. Jongoo hula majani, kinyesi chake huvunjwa na bakteria, udongo ukaanza kujengeka, na miti mingine ikaweza kufuata. Hiyo ni sura nzima ya kitabu cha Kidato cha Tatu ikitembea kwa miguu.

Andika barua mapema useme wazi kwamba mnataka kutazama udongo na majongoo, na uombe ruhusa ya kupima kina cha takataka za majani kwa rula katika sehemu tatu: chini ya mvinje, chini ya miti mchanganyiko, na penye jabali. Bila barua mtapewa njia ya watalii kama kila mtu. Na msiende wakati wa kulisha twiga, hakuna mwanafunzi atakayetazama jongoo.

Pirates na Haller ziko barabara moja, dakika chache kati yake. Ufuo asubuhi, Haller mchana kivulini. Hapo hujavuka daraja lolote.

---

Kipwa_na_Bamvua:

Nakubali. Sikufikiria jambo la barabara.

---

Utingo_Mstaafu alijibu:

Mmesahau hesabu ya viti. Viti 51 toa wanafunzi 48, wanabaki walimu watatu. Kwa kazi ya majini, hata ya kifundo cha mguu, mtu mzima mmoja kwa wanafunzi kumi ndicho kiwango cha kuanzia, kwa hiyo unahitaji watano. Wasikuambie "watabanana", askari wa trafiki atawahesabu. Gawa darasa: 24 siku ya kwanza, 24 siku ya pili. Bamvua haiondoki kwa siku moja; siku ya pili maji yatapwa dakika 40 hadi 50 baadaye, sogeza ratiba mbele kiasi hicho. Na fito jozi tatu zitatosha badala ya sita.

Siku: epuka Ijumaa, ama hakikisha basi limefika penye msikiti kabla ya saa saba kasoro. Ramadhani usipange kabisa, kutembea juani bila maji ni mateso. Mwezi wa Februari na mwanzo wa Machi, kaskazi ikiwa imetulia, ndio wakati mzuri. Kusi ikishika, mawimbi huwa makubwa na mwani hurundikana ufuoni, utapima mwani badala ya mchanga.

Maji ya kunywa ni lita 2 kila mtu. Watu 29 (wanafunzi 24 na watu wazima watano) ni lita 58, yaani mitungi mitatu ya lita 20. Chakula kiwe kikavu: mahamri, viazi vya kuchemsha, mayai, ndizi. Wali na biriani acha nyumbani, chakula kilichopikwa alfajiri kikakaa ndani ya basi lililofungwa hadi saa saba huchacha, na safari ya kurudi itakuwa ya matapishi.

Fomu ya mzazi iwe na nafasi ya pumu, selimundu, kifafa na dawa anazotumia mtoto, pamoja na simu mbili za mzazi. Mwenye selimundu apewe maji zaidi na asiachwe juani. Kuogelea marufuku, liandikwe kwenye fomu. Viatu ni raba za kufungwa kamba, kwani kipwani kuna wale wanyama weusi wa miiba mirefu. Akichomwa, toa miiba inayoonekana kwa kibano, kisha tia mguu kwenye maji ya moto kiasi cha mkono wa mtu mzima kustahimili, nusu saa hadi saa moja na nusu. Chupa mbili za chai zijazwe maji ya moto, si chai.

Malipo: mahali pa KWS, shirika la wanyamapori, hawapokei pesa mkononi, hulipwa kwa eCitizen, mtandao wa serikali. Basi likifika langoni bila malipo kukamilika mtakaa juani mkitafuta mtandao. Lipa jana yake, chapisha stakabadhi.

Hesabu watu kwa jozi. Kila mmoja ana mwenzake, na filimbi ikilia kila mtu amshike wake. Ni haraka kuliko kuita majina 24 kwenye upepo.

---

MkandaaTudor:

Mawili nimeyasahau. Waandike kwa penseli, wino wa biki hutiririka karatasi ikilowa. Na ubao wa kuandikia ni kadibodi ngumu na vibanio viwili vya nguo.

La pili: msiokote chochote. Maji ya mbele ya Nyali na Bamburi yamo katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, na kombe moja kwa kila mwanafunzi ni makombe 48. Wakitaka kujaribu jiwe la matumbawe kwa siki, watumie kipande cha mtaa wa shule. Wakwaruze kwanza upate unga, maana siki ni dhaifu na juu ya jiwe zima mapovu huonekana kwa shida.

---

MwalimuKisauni:

Ahsanteni sana. Nimebadilisha hivi: siku mbili mfululizo, wanafunzi 24 kila siku, Jumanne na Jumatano zinazoangukia tarehe 16 na 17 za mwezi wa Kiislamu. Ufuo kuanzia saa mbili hadi saa nne na nusu, Haller saa tano hadi saa saba. Mikoko muhula ujao. Fort Jesus nimewaachia wenzangu wa Historia.

Limebaki moja. Siku ya pili maji yatapwa saa tano kasoro. Je, vipimo vya kundi la Jumanne na la Jumatano vinaweza kuwekwa kwenye grafu moja?

---

Kipwa_na_Bamvua:

Vya mteremko, ndiyo, mradi makundi yote yaanzie alama ile ile. Siku ya kwanza piga rangi ndogo kwenye ngazi au funga utepe kwenye mnazi, na uandike umbali wake kutoka kitu cha pili kisichohama, utepe ukichezewa na watoto wa ufuoni. Grafu ianze hapo, isianze kwenye ukingo wa maji, kwa sababu ukingo wa maji wa Jumanne si wa Jumatano.

Vya kwadrati, angalia. Kama maji ya Jumatano yatapwa chini zaidi, kundi la pili litafika mraba ambao la kwanza halikuufikia. Hiyo mistari ya mwisho iwekwe kando na iandikwe kwamba ni ya siku moja tu. Kwenye Jiografia ya mtihani wa KCSE huulizwa matatizo ya utafiti wa nyanjani na namna ya kuyatatua, basi karatasi ya kila kundi iwe na safu ya "kilichokwamisha" ijazwe pale pale ufuoni. Wakiijazia darasani wote wataandika "jua kali".

---

Utingo_Mstaafu:

Na taulo moja kwa kila kiti, tafadhali. Chumvi huozesha vitambaa vya basi, na mwalimu mkuu hatakupa basi mara ya pili.